Kumbukumbu za afya za wanafunzi: maswali tunayoulizwa kila shule zikifunguliwa

Kila Januari, na tena Julai kidato cha tano wakiripoti, simu yangu inajaa maswali yaleyale. Mwalimu wa afya kakabidhiwa kaunta buku kutoka duka la Mangi, kaambiwa "utakuwa unaandika wagonjwa", basi, hakuna aliyemwambia aandike nini, afiche nini wala ripoti ampelekee nani. Mimi ni nesi wa shule ya bweni hapa Moshi na kabla ya hapo nilikuwa Arusha, kwa hiyo majibu haya ni ya mtu aliyejaza hayo makaratasi kwa mkono wake. Kuna kitu kimoja naomba ukishike kabla hatujaanza mana kila jibu hapa chini linarudi hukohuko: kumbukumbu ya afya anaandikiwa mtu atakayekuwa zamu usiku wa Jumapili wakati wewe uliyeiandika haupo. Haandikiwi mthibiti ubora, wala mwenye shule.

Shule yetu ni ya kutwa, mtoto akiumwa anarudi kwao. Kwa nini tuhangaike na madaftari?

Kwa sababu anaumwa akiwa kwenu. Toka asubuhi mpaka kengele ya kwenda nyumbani yuko mikononi mwenu, akianguka kifafa saa nne wakati wa mapumziko hutasubiri mama yake ashuke kutoka Marangu ndo akwambie anatumia dawa gani. Bweni wanabeba zaidi, wana dawa, chakula na usiku mzima, ila kutwa ukiwa na ukurasa mmoja kwa kila mtoto na daftari moja la matukio ya kila siku umefika mbali sana.

Mtoto anaporipoti nichukue taarifa gani?

Ile fomu ya uchunguzi wa afya inayokuja na fomu za kujiunga, inayojazwa na daktari na kugongwa mhuri, ipokee, ila usiishie hapo. Nimepokea fomu nyingi ambazo kila mstari umeandikwa "hana tatizo" kwa mwandiko mmoja wa haraka, na mtoto huyohuyo ndani ya begi ana dawa ya pumu ya kupulizia. Kwa hiyo kaa na mzazi hata dakika kumi. Usimuulize "mtoto ana ugonjwa wowote?" mana jibu ni "hapana nesi, yuko fiti". Muulize mwaka jana alikosa shule kwa kuumwa mara ngapi, amewahi kulazwa wapi na kwa nini, kuna dawa gani kwenye begi sasa hivi, kuna chakula au dawa akitumia anavimba, usiku anakohoa, akikimbia anachoka kuliko wenzake. Hapo ndo mambo yanatoka.

Kadi ya kliniki ipigie kopi, hata kwa mtoto wa kidato cha kwanza, wazazi wengi wanazo bado ndani ya bahasha na cheti cha kuzaliwa. Angalia hasa chanjo ya surua na rubela, inatolewa miezi 9 halafu inarudiwa miezi 18, na hiyo ya pili ndo inasahaulika mana mtoto akishatembea mama haoni sababu ya kwenda kliniki tena.

Namba za simu chukua tatu. Ya baba, ya mama, na ya mtu anayeweza kufika ndani ya saa moja. Hiyo ya tatu watu wanaipuuza halafu inatokea shida, baba yuko Mererani chini mgodini hapatikani mpaka jioni, mama yuko Dar, na mtoto yuko mbele yako anatapika. Namba ya bima andika, na hospitali anayotibiwa andika pia, iwe Mawenzi, KCMC, Mount Meru au zahanati ya kijijini kwao. Alafu mzazi asaini kwamba ikitokea dharura mnaruhusiwa kumpeleka hospitali na matibabu yaanze wakati yeye anatafutwa.

Daftari la kila siku liandikwe vipi?

Tarehe, saa aliyofika, jina kamili na darasa, analalamika nini kwa maneno yake mwenyewe, joto la mwili, umefanya nini, dawa gani kiasi gani saa ngapi, ameondoka saa ngapi na ameenda wapi, sahihi yako. "Alipewa panadol" sio maandishi. Panadol ngapi, na saa ngapi? Mtoto akija saa mbili usiku kwa matroni akamwambia kichwa kinauma, matroni anafungua daftari haoni saa wala kiasi anampa tena, na asubuhi kabla ya paredi mwalimu wa zamu anampa tena, watu watatu wenye nia njema wamemzidishia mtoto dawa.

Kurasa zipe namba, usichane hata moja. Ukikosea piga mstari mmoja juu ya kosa lisomeke bado, andika sahihi pembeni, usipake wino mweupe. Na yale mambo ya kujaza wiki nzima siku ya Ijumaa jioni kwa kalamu moja, naomba tuache, yanaonekana hata kwa mtu asiye nesi na siku likitokea tatizo hilo daftari halitamsaidia mtu.

Faili zetu zote ziko ofisini kwa mkuu wa shule, zimefungwa vizuri. Inatosha?

Hapana, na hili nina sababu ya kulisema kwa nguvu. Kuna shule niliwahi kufanya kazi, kijana wa kidato cha pili alibanwa na pumu Jumamosi usiku, mwezi wa saba, ile baridi mnaijua. Taarifa zake zote zilikuwepo, zimeandikwa vizuri kabisa, ziko kwenye faili, faili kwenye kabati, kabati kwenye ofisi iliyofungwa na ufunguo uko mjini. Patroni hakujua kitu, alimpa maji ya moto akamwambia apumzike. Aliyemsaidia ni mwenzake wa kitanda cha juu aliyejua kwamba dawa ya kupulizia iko kwenye tranka chini ya mashuka. Alipona, namshukuru Mungu, ila lile faili niliyeliweka kabatini ni mimi na sikulala vizuri wiki nzima.

Toka siku hiyo nafanya vitu viwili tofauti. Faili kamili linafungiwa kweli. Pembeni yake kuna karatasi moja ya tahadhari, inakaa kwenye droo ya matroni na nyingine kwa patroni, ina majina ya wenye pumu, kifafa, siko seli, kisukari na mzio mkali basi, na mbele ya kila jina mistari miwili, dawa iko wapi na afanyiwe nini. Wazazi wao wamekubali jina liwepo. Haibandikwi ukutani, naona shule zinabandika mlangoni kwa zahanati kila anayepita anasoma, hiyo sio tahadhari hiyo ni kumtangaza mtoto.

Kwa kifafa mistari yenyewe ni hii: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni, angalia saa, ikipita dakika 5 hajaacha ni hospitali. Na andika kwamba povu haliambukizi, mana bado kuna watu wazima wanakimbia. Kwa siko seli andika maji ya kunywa na sweta, kwa sababu baridi ya Juni na Julai huku kwetu inaamsha maumivu, na mtoto wa siko seli asiadhibiwe kwa kwenda chooni mara nyingi au kuvaa koti darasani. Kisukari weka na jokofu gani insulini yake inakaa na nani ana ufunguo.

Kuna mtoto anatumia ARV, dawa za kufubaza VVU. Niandike wapi?

Kwenye daftari la kila siku usiandike, kwenye karatasi ya tahadhari usiandike, kwenye orodha ya chakula maalum usiandike. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu, na pia shule haina ruhusa ya kumlazimisha mtoto apime VVU ndo apokelewe, ukiona sehemu hiyo kwenye fomu ya shule yenu wambie waitoe.

Mzazi ndiye anaamua nani ajue, na kwa kawaida wanachagua mtu mmoja, nesi au matroni. Huyo mtu anatunza tarehe za CTC, ile kliniki ya tiba na matunzo ya wenye VVU, kwenye faili la siri na kwenye ruhusa ya kutoka anaandika "kliniki" tu. Dawa zihamishiwe kwenye chupa isiyo na maandishi ya kumwaibisha, ila kwanza muulize mtoa huduma wa CTC kama dawa hiyo inaruhusiwa kuhamishwa, na saa ya kumeza iwe saa ambayo mtoto ana sababu nyingine ya kupita kwako. Nilikuwa na binti nilimpa kazi ya kuniletea funguo za stoo kila saa mbili usiku, miaka minne, hakuna mwenzake aliyewahi kuuliza.

Mzazi kaficha ugonjwa, tumegundua wenyewe. Tumfukuze mtoto?

Jamani hapana. Mzazi anaficha kwa sababu ameshafukuzwa kwingine. Mwite, usimgombeze, mwambie "mama, tunataka kumtunza, tusaidie tujue". Ukianza na lawama utamfundisha mtoto kuficha na mtoto akificha kifafa au pumu ndo unakuja kumkuta chooni usiku.

Mtoto ana homa, tunaandika malaria. Kuna ubaya?

Upo, na huku kwetu upo zaidi. Arusha na Kilimanjaro ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, chini ya asilimia 1 ya watoto ndo wanakutwa nayo kwenye tafiti za kitaifa. Kwa hiyo mtoto wa Machame mwenye homa ana uwezekano mkubwa wa kuwa na kitu kingine, mafindofindo, nimonia, maambukizi ya mkojo, taifodi. Andika "homa", andika joto, andika kama kapimwa kipimo cha haraka na majibu yake. Neno malaria liingie daftarini baada ya kipimo tu.

Ila sasa shule za bweni zina mtego wake. Watoto wanatoka Geita, Kagera, Tabora, Kigoma, wanarudi likizo wanang'atwa mbu huko, wiki mbili baada ya kufungua shule homa zinaanza. Ndo mana kwenye rejesta yangu kuna safu ya "likizo alikuwa wapi". Safu ndogo hiyo imenisaidia kumwahisha mtoto hospitali bila kupoteza siku tatu tukimpa panadol.

Ripoti zinaenda kwa nani na lini?

Hapa ndo watu wanachanganya kabisa mana kuna barabara mbili, ya elimu na ya afya, na zote zinapita shuleni kwako.

Barabara ya elimu ni ile ya takwimu za mwaka, sensa ya shule, inayoingia kwenye mifumo ya TAMISEMI kupitia kwa Afisa Elimu Kata na halmashauri. Huko wanataka idadi, mfano wanafunzi wenye ulemavu kwa aina yake, matundu ya vyoo, maji. Hawataki majina ya wagonjwa. Naomba usiokote namba kichwani, chukua madaftari hesabu. Ukiandika mtoto mmoja tu asiyeona vizuri wakati unao sita, hao watano vifaa vyao hakuna atakayevipanga.

Barabara ya afya inaanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kwa mganga mfawidhi, na halmashauri kuna mratibu wa afya shuleni. Nenda kajitambulishe kwake mapema, chukua namba yake, muulize anataka muhtasari wa kila mwezi kwa mtindo gani mana halmashauri na halmashauri zinatofautiana fomu. Mimi muhtasari wangu ni ukurasa mmoja: wangapi wameonwa, sababu kubwa tano, wangapi wamepewa rufaa, wangapi wamelazwa, dawa gani imeisha. Nakala inabaki shuleni na mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri wa kupokelewa, mwezi wa kumi na mbili mtabishana.

Na ikitokea mlipuko?

Hapo hakuna kusubiri mwisho wa mwezi wala kikao cha bodi. Kuharisha maji mengi kama ya mchele kwa hata mtoto mmoja, surua, shingo kukakamaa na homa, mtoto kulegea mguu au mkono ghafla, kung'atwa na mbwa usiyemjua, mtu kula nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe halafu akatoka vidonda vyeusi, hayo yote piga simu kituo cha afya na Afisa Afya wa kata sikuhiyohiyo. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure, mitandao yote. Hata kama sio ugonjwa wa kwenye orodha, ukiona bweni moja watoto saba wanatapika usiku mmoja, toa taarifa.

Andika orodha: jina, darasa, bweni, saa dalili ilipoanza, alikula nini na wapi siku mbili nyuma, alikunywa maji gani. Saa dalili ilipoanza ndo dhahabu, Afisa Afya akija na orodha yenye saa anaweza kujua kama ni maharage ya Jumatano au ni maji ya bomba. Masalia ya chakula usimwage kabla hajafika.

Najua hofu ya wakuu wa shule, wanasema tutafungiwa, wazazi watahamisha watoto. Nimeona shule iliyoficha siku nne. Wazazi walijua kupitia watoto wenyewe na hasira yao ilikuwa kwa sababu ya zile siku nne, ugonjwa wenyewe wangeuelewa.

Siku ya dawa za minyoo na kichocho tunatakiwa kutunza nini?

Rejesta ya waliomeza na wasiomeza na sababu. Albendazole ya minyoo ya tumbo ni kidonge kimoja cha miligramu 400. Praziquantel ya kichocho inaenda kwa urefu, mnapewa ile fimbo ya kupimia, vidonge ni kuanzia kimoja mpaka vitano, na mtoto awe amekula kwanza. Asubuhi hiyo shule iandae uji, watoto wanaozimia siku ya dawa mara nyingi ni wenye njaa na ndo maneno ya mtaani yanapoanzia kwamba dawa ni sumu. Andika kila aliyepata kichefuchefu au kizunguzungu, saa, na ulivyomsaidia. Waliokuwa hawapo siku hiyo orodha yao usiitupe, uliza siku ya kumalizia.

Chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, je?

Mkoa wa Kilimanjaro tuliijua mapema, majaribio ya kuitoa mashuleni yalianzia huku mwaka 2014, nchi nzima ikaanza 2018 kwa wasichana wa miaka 14 kwa dozi mbili. Toka 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa hiyo kwenye faili la binti andika tarehe na kituo kilichochanja, na kadi aliyopewa apeleke nyumbani ila kopi ibaki. Ukimkuta wa zamani kaandikiwa dozi mbili usishangae, ni mpango wa wakati huo.

Shida kubwa ninayoiona ni umri. Shuleni kaandikishwa kazaliwa 2011, cheti cha kuzaliwa kinasema 2013, kadi ya kliniki ina mwaka mwingine tena. Tumia cheti au kadi ya kliniki. Na wazazi wapewe maelezo kabla ya siku yenyewe kwa Kiswahili cha kawaida, saratani ya mlango wa kizazi ndo inaongoza kwa wanawake nchini kwetu, mama akielewa hivyo anamleta mtoto mwenyewe.

Watoto wengi wana meno ya kahawia. Tunaandika hawapigi mswaki?

Tafadhali usiandike hivyo. Maeneo ya kuzunguka Mlima Meru, Ngurdoto, Maji ya Chai, na sehemu nyingine za Arusha na Kilimanjaro maji yana madini ya floraidi mengi kwa sababu ya miamba ya volkano. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima vinapita hapo mbali sana. Meno yanaharibika rangi yakiwa bado yanaota ndani ya fizi, mswaki hauondoi. Floraidi ikizidi miaka mingi inaingia mpaka kwenye mifupa, miguu inapinda.

Kwenye faili andika "madoa ya floraidi", andika kijiji alichokulia mpaka miaka nane, na maji ambayo shule inatumia yanatoka wapi. Ukishakuwa na watoto arobaini wa namna hiyo hiyo ni hoja ya kupeleka halmashauri mpate chanzo kingine au chujio la mkaa wa mifupa, Ngurdoto kuna kituo kimekuwa kikishughulika na jambo hili miaka mingi. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki. Na mpishi apunguze magadi kwenye makande, magadi yetu nayo yana floraidi. Hawa watoto wanacheka wameziba mdomo kwa mkono, nesi akiandika "mchafu wa kinywa" anawaongezea.

Macho tunapima vipi bila daktari?

Chati ya herufi E, mita 6 zilizopimwa kwa futi kamba sio kwa hatua, jicho moja moja, lingine lifunikwe kwa kiganja bila kukandamizwa. Andika kila jicho peke yake. Asiyesoma mstari wa 6/12 mpe rufaa na mhamishe mbele wakati anasubiri. Shule za Longido, Monduli na Ngorongoro geuzeni kope pia mkifundishwa, ule ugonjwa wa macho wa vikope bado upo kwa jamii za wafugaji. Mwanafunzi mwenye ualbino muandikie pia tarehe aliyopata mafuta ya jua mara ya mwisho, Kilisun yanatengenezwa hapahapa Moshi, KCMC, kofia na mikono mirefu ni sehemu ya sare yake asisumbuliwe getini.

Mtoto kaja na jeraha ambalo halieleweki, au anasema kafanyiwa kitu kibaya.

Andika alichosema kwa maneno yake yaleyale ndani ya alama za kunukuu, usiyasafishe wala usiweke maoni yako. Chora mwili, onyesha alama ziko wapi, pima urefu wake. Usimhoji mara tano mbele ya walimu watano. Kama ni ubakaji au ulawiti asiogeshwe, nguo zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi, afike hospitali haraka na ndani ya saa 72 kwa ajili ya dawa ya kuzuia VVU. Matibabu yasisubiri makaratasi, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inapatikana polisi na Dawati la Jinsia na Watoto ndo pa kwenda, pamoja na Afisa Ustawi wa Jamii. Namba 116 ni ya simu ya watoto, bure.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila anayejua mtoto anaonewa atoe taarifa. Kwa hiyo "tumeyamaliza kifamilia" sio jibu hata mtuhumiwa akiwa ni mwalimu mwenzio au mjomba anayelipa ada. Rekodi hii inakaa peke yake kwenye bahasha iliyofungwa.

Tuna grupu la WhatsApp la wazazi, tunaweza kuwajulisha wagonjwa humo?

Mambo ya jumla ndiyo: "kuna tetekuwanga darasa la tatu, angalieni watoto". Jina la mtoto, picha yake yuko kitandani, majibu ya maabara, hapana kabisa. Wazazi mia mbili wakishaona hakuna namna ya kuirudisha. Mpigie mzazi mhusika.

Sheria ya taarifa binafsi inatuhusu na sisi?

Inawahusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya na za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Wanaokusanya taarifa wanatakiwa wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mwenye shule alijue hilo. Kwa upande wako wewe unayeandika, maana yake kusanya unachohitaji tu, mwambie mzazi unakitumia kwa nini, akitaka kuona faili la mwanae muonyeshe, akikuta kosa lirekebishwe. Kama mnatumia Excel weka neno la siri, kompyuta ya ofisi ambayo wanafunzi wanaangalizia matokeo haifai, na flash inayozunguka kwa walimu wote haifai zaidi. Nakala ya pili iwepo sehemu nyingine, laptop zinaibiwa.

Tunaenda safari ya masomo, tubebe faili zote?

Hapana, bebeni orodha moja ya waliomo ndani ya basi: jina, simu ya mzazi, namba ya bima, tahadhari, dawa aliyobeba. Nakala ya pili ileile ibaki ofisini kwa mtu anayepokea simu. Watoto wakibadilishana mabasi njiani orodha ibadilishwe palepale. Arusha hatujasahau ile asubuhi ya tarehe 6 Mei 2017 pale Karatu, basi la shule ya Lucky Vincent lilipotumbukia korongoni wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Mimi tangu hapo gari haliondoki getini kabla sijaacha nakala.

Mtoto akihama au akimaliza, faili tunalifanyaje?

Akihama mpe mzazi kopi ndani ya bahasha iliyofungwa, chanjo, magonjwa ya kudumu, rufaa zisizokwisha, na mzazi asaini kupokea. Usimpe mwanafunzi mwenzake apeleke. Faili lenyewe linabaki kwenu kwa muda ambao shule imeuandika kwenye utaratibu wake, sheria haitaki mkae na taarifa za mtu milele bila sababu, kwa hiyo kaeni na uongozi mpange idadi ya miaka na muiandike.

Muda ukifika choma moto, mtu wawili wasimamie mpaka iwe majivu, waandike tarehe. Usiwape watu wa kununua karatasi kwa kilo. Nilinunua karanga stendi ya Moshi zimefungwa kwenye karatasi ya rejesta ya wagonjwa ya shule fulani, jina la binti, darasa lake, na kilichompeleka kwa nesi, vyote vinasomeka. Nilirudi kwa yule mama muuza karanga nikanunua zote zilizobaki kwenye beseni ili nizipate zile karatasi.